Buti za Kupandia Meall Ban

Ishbel Gilfillan alikuwa mtu wa mwisho Kinlorran nzima kusikia kwamba Donnie, mume wake wa zamani, anaandaa sherehe. Aliisikia kwenye foleni ya mikate, na aliyempa habari hakuwa hata na adabu ya kushusha sauti.

“Mei,” alisema Netta, rafiki yake, midomo imejaa makombo ya soseji roli. “Juu kabisa ya Meall Ban. Na keki. Na mpiga zumari, shoga, kakodiwa kule bondeni, atapanda na zumari lake mgongoni kama mtoto. Donnie kaitangaza baa siku ya Ijumaa. Watu wakampigia makofi.”

“Meall Ban,” alisema Ishbel.

“Huo huo.”

“Ule ni wangu.”

“Ni wenu,” Netta alimsahihisha, akauma roli yake taratibu. Moto alishauwasha, sasa alibaki kuuota tu.

Kinlorran hakuna ambaye angeuliza mlima unakuwaje wa mtu. Ishbel na Donnie walikuwa wameoana zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila Jumapili ya ndoa hiyo, iwe mvua iwe jua, walikuwa mgongoni mwa mlima fulani. Waliisaka ile milima mirefu yote ya Scotland, zaidi ya mia mbili na themanini, mmoja baada ya mwingine, kama nusu ya watu wazima wa mji ule. Na kama kawaida ya watu hao, walijiwekea mmoja wa mwisho. Mlima wa mwisho haupandwi hivi hivi. Unachaguliwa mapema, mzuri, wa karibu na nyumbani, halafu unaachwa. Unapitwa miaka nenda miaka rudi, kama pande la nyama linalosukumwa pembeni ya sahani ili liliwe mwisho kabisa. Siku mingine yote ikiisha, mnaupanda na ukoo mzima, majirani, mbwa na chupa ya wiski, mnapigwa picha mmejikunyata kando ya rundo la mawe la kileleni. Wao walichagua Meall Ban, ule wenye kichwa cha mawe meupe, ulioonekana hata kwenye dirisha la jikoni kwao. Kisha Donnie akahamia kwa Senga Tulloch, mwenye duka la buti. Wakagawana gari, wakagawana makochi, wakavutana juu ya mbwa, na hakuna aliyekumbuka kugawa mlima.

Miaka minne sasa. Kila mmoja alikuwa amekwisha kumalizia mingine yote kivyake, na kila mmoja alibakiwa na huo huo mmoja. Lakini hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyeuvamia. Walikuwa wakiviziana.

“Basi nitapanda kabla yake,” alisema Ishbel.

“Lini?”

“Jumapili.”

“Jumapili hii? Mwenzangu, ni Februari. Barafu imefika magotini.”

“Theluji ndiyo inayofika magotini, Netta. Barafu inakaa chini ya nyayo.”

“Hiyo ndiyo ninayoiogopa,” alisema Netta. Lakini alijua atakwenda. Jambo kama lile litokee Kinlorran yeye asiwepo? Bora avunjike mguu.

Ishbel alirudi nyumbani akachomoa buti zake za zamani kutoka uvunguni mwa ngazi. Zilikuwa laini, nzuri, zimekaa humo tangu majira yaliyopita. Akazigonga kuondoa vumbi, na soli ya kulia ikabomoka mkononi mwake kama biskuti iliyokaa kwenye chai. Ya kushoto haikungoja kuguswa. Duka jingine la buti lilikuwa ng'ambo ya mlima, na lango la barabara ya huko lilikuwa limefungwa kwa theluji tangu Jumanne. Lilibaki moja, na lilikuwa la Senga.

Siku ya Jumamosi duka lile hujaa hata na watu wasio na haja ya kitu. Wanaingia kuota moto, kupapasa makoti na kusikiliza nani kaanguka wapi. Senga mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mvi zimekatwa fupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, mikono inanuka nta ya viatu. Alikuwa ameuza buti maisha yake yote, na hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za ghala lake. Watu waliomtania kwa hilo aliwajibu kwamba hata mwuza majeneza hatakiwi kuyajaribu.

Kengele ya mlango ililia, Ishbel akaingia, Netta nyuma yake. Mzee mmoja aliyekuwa akisimulia habari za goti lake aliliacha goti katikati ya sentensi.

“Karibu,” alisema Senga, kwa sauti ya mtu anayesema toka. “Umepotea njia?”

“Nataka buti.”

“Za kwenda wapi?”

“Nje.”

Mtu akakohoa nyuma ya makoti.

“Kila mtu hapa anajua unakokwenda, mama,” alisema Senga. “Netta kashinda saluni jana, katusomea ratiba yote.”

Netta aligundua kwamba duka lile lilikuwa na soksi nzuri sana, akaanza kuziangalia moja moja.

“Basi kama unajua usiniulize,” alisema Ishbel. “Lete.”

Senga alipiga goti na kile chuma chake cha kupimia nyayo. “Mguu wa kulia umetanuka,” alitangaza, kana kwamba wateja wote walikuwa wakisubiri matokeo. “Ni umri.”

“Na wako vipi? Nasikia una mguu mmoja wa kuingilia nyumba za watu.”

Kicheko kikapita dukani, kikazibwa haraka kwa viganja. Senga hakucheka wala hakukunja uso. Aliinuka, akaingia ghalani, akarudi na maboksi mawili, akayaweka mbele ya Ishbel, moja huku na moja kule.

Za kwanza zilikuwa za kahawia, nyepesi, buti za kutembelea milimani njia zikiwa kavu. Senga alishika ncha kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, akaikunja moja kama mtu anayekunja chapati. Za pili zilikuwa nyeusi, shingo ndefu, nzito, soli ngumu kama ubao wa mlango, na nyuma ya kisigino zina mfuo wa kushikia njumu, yale meno ya chuma ambayo watu huyafunga chini ya buti ili yaume barafu. Hizo Senga hakuzikunja. Hazikunjiki.

Sasa, Ishbel alikuwa ameshaamua kabla hajaingia. Laini. Maisha yake yote alivaa laini, hata wakati wa theluji, na njumu zake za mikanda akazifunga juu yake, mambo yakaenda. Buti ngumu mpya, zisizozoea mguu, zingemla visigino kabla hajamaliza bonde. Alinyoosha mkono kwenye boksi la kahawia.

“Hizo hizo,” alisema Senga. “Umechagua vizuri. Ndizo ningekushauri mimi.”

Mkono wa Ishbel ukasimama.

“Nyepesi,” aliendelea Senga, sauti imejaa asali. “Zinapinda na mguu. Kesho mlimani, Jumapili ijayo kanisani. Hizi nyeusi nimezileta ili uzione tu. Ni za watu wanaojua wanachokifanya kwenye barafu.”

“Nimetembea kwenye barafu kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu.”

“Ulitembea nyuma ya Donnie, akikuchimbia vidato kwa miguu yake. Ananisimulia. Kila pahali pa mteremko alikuwa anakutangulia, anapiga teke theluji, wewe unaweka mguu kwenye shimo lake. Kwa mtu aliyezoea kuchimbiwa, laini zinatosha. Na kwa umri wako ndizo zinazofaa.”

Netta aliacha soksi. Hapa sasa, alijua, hapana kurudi.

Ishbel alisukuma boksi la kahawia kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza sahani yenye nzi. “Nipe ngumu.”

“Zitakuchubua.”

“Ngozi ni yangu.”

“Utarudi umezibeba mkononi.”

“Nipe ngumu, Senga, au niseme mbele ya watu hawa kwamba umekataa kuniuzia.”

Senga alishusha pumzi kwa kelele, akatoa buti nyeusi. Alimvalisha soksi nzito. Alimvuta kisigino kikakaa nyuma kabisa, akakaza kamba kifundoni, akaipitisha kulabu ya juu kwanza na kuirudisha ya chini, namna ambayo Ishbel hakuwa ameiona kwa mtu. Akamtembeza juu ya kijiteremko cha mbao cha kujaribia buti, kilichobandikwa mawe. Kupanda, kisigino hakikuinuka. Kushuka, vidole havikugusa mbele. Ishbel alitafuta kosa, akalikosa, na hilo likamuudhi zaidi.

“Njumu zako?” aliuliza Senga.

“Za nini?”

“Lete.”

Ishbel akazitoa mkobani. Senga akazirefusha tundu moja, akazibana kwenye buti nyeusi, akaipindua juu chini na kuitikisa kwa nguvu mpaka miwani ikarukaruka kifuani. Hazikucheza.

“Mbona unahangaika,” aliuliza Ishbel, “na umeshaniambia sizifai?”

“Nikuuzie kitu kikudondoke, waseme ni duka langu? Nina jina hapa mjini.” Senga alitupa buti ndani ya boksi na kupaza sauti ili hata mzee mwenye goti asikie. “Utageukia katikati ya njia. Niko hapa Jumatatu, nitakucheka.”

Jumapili mbingu zilikuwa kavu, za buluu kali, na baridi inauma meno. Waliacha gari kwenye geti la msitu wa kulungu wakaanza kupanda bonde. Buti nyeusi zilikuwa kama kutembea na magogo mawili. Kabla ya daraja la pili, visigino vya Ishbel vilikuwa vinawaka.

“Zangu kama soksi,” alisema Netta, aliyevaa laini zake, akiruka mawe kama mbuzi. “Senga alisema kweli, ujue. Watu wabaya nao mara moja moja husema kweli.”

“Tembea.”

“Nasema tu.”

“Sema kwa miguu.”

Bonde likaisha. Mteremko ukainuka mbele yao, mweupe, na theluji ikawa ngumu kama sabuni. Wakakaa, wakafunga njumu, wakashika sururu zao ndogo za barafu na kuanza kupanda upande upande kuelekea kwenye tandiko la mlima, pale panapotulia kidogo kabla ya kilele.

Huko juu, ambapo barafu ilikuwa na mng'ao wa kioo, Netta alikanyaga kwa ncha ya mguu. Buti yake ikapinda. Njumu ya chuma haikupinda. Mkanda ukalegea, njumu ikachomoka kisiginoni na kuning'inia pembeni kama ndala iliyokatika, na Netta akaketi ghafla akaondoka. Aliteremka kwa makalio akisema maneno ambayo kanisani angesimamishwa kwayo, mpaka kundi la mawe lilipomdaka.

Ishbel alimfuata. Hapo ndipo alipozifahamu zile buti. Kila alipopiga teke, ncha iliingia na ikakaa. Aliposimama kwenye ukingo mwembamba kama kidole, soli ilimbeba kama rafu ya kabati. Alimkuta Netta mzima, uso mweupe, ameshika nyonga.

“Nimepasuka matako,” alisema Netta.

“Yako mahali pake. Inuka.”

Alimfunga njumu upya kwa kamba ya mkoba, kisha akatangulia. Alipiga teke theluji, akachimba kidato, akapiga tena, akachimba kingine, na Netta akaweka miguu yake humo, mmoja baada ya mwingine, mpaka tandikoni. Kwa maisha yake yote hakuwa amewahi kuwa wa mbele mahali kama pale. Na hakupenda namna wazo hilo lilivyomjia, kwa maneno ya Senga na sauti ya Senga.

Tandikoni palikuwa tambarare na salama. Netta alijiingiza kwenye mfuko mwekundu wa dharura nyuma ya jiwe kubwa, akabakiza pua nje na chupa ya chai mkononi.

“Nenda,” alisema. “Kilele kile pale. Ukirudi hujafika, baada ya mimi kuteleza namna hii, sikusalimii tena.”

Ishbel akaenda. Mgongo wa mwisho ulikuwa mpana, na upepo ulikuwa umefagia theluji yote juu, umeacha mawe meupe matupu, makali kama sukari ya mawe. Alifika kwenye rundo. Akavua glavu, akaligusa kwa kiganja.

“Wangu,” alisema kwa sauti.

Upepo ukaichukua sauti ukaenda nayo. Hapakuwa na keki. Hapakuwa na mtu wa kumpiga picha. Alikaa katikati ya mawe, akalegeza kamba za buti ili visigino vipumue, akala kipande cha keki ya matunda kilichoganda, akaitazama milima mingine yote, ambayo kila mmoja alikuwa ameupanda na mtu yule yule au kwa hasira ya mtu yule yule. Machozi yalimtoka, akaisingizia baridi. Kisha akakaza kamba na kushuka.

Njia nzima ya kurudi kitu kilimchoma kifundo cha mguu wa kulia. Alijua ni nini: roho ya Senga imeshonewa ndani ya ngozi. Na kadiri kilivyomchoma ndivyo alivyozidi kufikiri. Senga alikuwa amemshauri avae laini. Mwuza buti wa miaka yote ile, Februari, kwenye barafu. Netta alivaa laini, na pasingekuwa na yale mawe Netta angeishia bondeni. Kwa hiyo yule mwanamke hakutaka ashindwe tu.

“Alitaka nife,” alimwambia Netta garini.

“Jamani,” alisema Netta, na macho yakamng'aa. Habari mbili kwa siku moja.

“Hakuna kumwambia mtu. Sikia. Donnie atasikia kutoka kinywani kwangu kwamba nimefika, si kwingine. Kesho asubuhi.”

Netta akaapa. Usiku ule aliifungia simu ndani ya sanduku la mikate.

Jumatatu Ishbel aliingia dukani kabla hata kibao cha mlangoni hakijageuzwa. Senga alikuwa peke yake nyuma ya kaunta, anapaka nta buti za mtu. Ishbel akazitua zile nyeusi mbele yake kwa kishindo.

“Ulitaka nife.”

“Na wewe umeamkaje.”

“Netta alikuwa na laini. Zilipinda, njumu ikamtoka, akateremka kama gunia. Ulinishauri laini mbele ya mji mzima.”

Senga aliendelea kuzungusha kitambaa. “Na ukachukua zipi?”

“Ngumu.”

“Haya basi.”

“Haya basi nini?”

“Ningekwambia uchukue ngumu ungechukua zipi?”

Ishbel akazigeuza zile buti, ncha zikamwelekea yeye.

“Netta aliiambia saluni nzima kwamba unataka laini,” alisema Senga. “Umeziota, unazitaka, hakuna wa kukubadilisha. Nikajua nikikushauri vizuri utatoka hapa kifua mbele na laini kwapani, ukafie huko. Wewe hujawahi kukubali neno langu hata moja. Nikikwambia mvua inanyesha unaacha mwavuli.”

“Na kufa kwangu kunakuhusu nini?”

“Kunanihusu sana. Ukiwa hai ni usumbufu mdogo. Ukifa mlimani Donnie atakulilia mpaka nizikwe mimi. Atakutundika ukutani kwangu, kwenye fremu. Yule mtu hawezi kutupa soksi iliyotoboka, atakutupa wewe?” Alitua kitambaa. “Na kuna hili. Miaka minne nalala na mlima wenu. Tukila, Meall Ban. Krismasi, Meall Ban. Anasimama dirishani kwangu na kikombe: mimi na Ishbel tuliuweka wa mwisho. Mawe meupe, mawe meupe. Sijapanda hata tuta, lakini kilele kile nakuchorea sasa hivi. Na sasa sherehe, na mimi nishike kisu cha keki, nitabasamu. Nikasema, kuna mtu mmoja tu anaweza kuutoa mlima huu nyumbani kwangu, na mtu huyo hana buti. Ukifika wewe kwanza, peke yako, mlima umekwisha. Si wenu tena. Atanuna wiki mbili, kisha atanyamaza. Nataka anyamaze, Ishbel.”

“Ulinituma,” alisema Ishbel polepole. “Umenituma kama punda.”

“Nimekuuzia buti. Ulifika?”

Kabla Ishbel hajajibu, mlango wa nyuma, wa kwenda nyumbani kwao, ulisukumwa. Donnie akaingia na vikombe viwili vya chai, amevaa ndala, nywele zimelala upande mmoja. Alipomwona Ishbel chai ilimwagikia vidole.

“Ishbel. Watu wanasema gari lako lilikuwa getini jana.”

Senga alisimama wima, akakunja mikono kifuani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaa mezani anaona chakula kinaletwa. “Mwambie,” alisema. “Mwambie umefika wapi.”

Ishbel alikuwa na sentensi yake tayari. Alikuwa ameifanyia mazoezi tangu tandikoni, akaisema bafuni, akaisema tena akifungua geti. Alimtazama Donnie, ambaye uso ulikuwa umeshaanza kuporomoka kabla hajapigwa. Kisha akamtazama Senga, na jinsi alivyokuwa akiingoja.

Kwenye milima ile watu wamewahi kudanganya kwamba wamefika. Wapo, wanajulikana, na hawasalimiwi vizuri. Lakini hajawahi kutokea mtu akafika, kwa jasho lake, mlima wa mwisho, halafu akaukana.

“Sikufika,” alisema Ishbel.

Senga alifungua mikono.

“Netta aliteleza,” alisema Ishbel. “Tukageukia tandikoni. Kilele nilikiona kwa macho tu.”

Uso wa Donnie ulirudi mahali pake, ukawaka kama taa. “Pole. Pole sana. Lakini, unajua, labda ni vizuri hivyo. Njoo Mei, Ishbel. Njoo na sisi. Mlima ule ulikuwa wetu. Keki tutaandika majina mawili.”

“Nitakuja,” alisema Ishbel. “Tena tusingoje Mei. Mambo ya kupanga ni mengi. Jumatano jioni mpo?”

“Tupo,” alisema Donnie.

“Hatupo,” alisema Senga.

“Tupo, Senga. Jumatano tupo.”

Senga akavuta ile buti nyeusi ya kulia kama anayevuta sikio la mtu. “Hii imeletwa hapa kwa nini?”

“Inanichoma kifundoni. Itanue.”

Senga akaingiza mkono ndani, akapapasa chini ya ulimi wa buti, pembeni, kwenye mshono. Vidole vikasimama. Alipoutoa mkono, kiganjani mlikuwa na kijiwe kidogo, cheupe, chenye makali kama sukari ya mawe.

Alikitazama. Kisha akamtazama Ishbel. Donnie alikuwa ameshageukia dirishani na kikombe chake, anaangalia juu kule anakoangalia siku zote, anasema kitu kuhusu mpiga zumari na upepo. Senga akakiinua kile kijiwe mpaka kwenye mwanga, akavuta pumzi ya kumwita.

“Donnie,” aliwahi Ishbel, “unajua Senga ndiye aliyenichagulia hizi buti? Alinihangaikia mno. Kanifunga mpaka njumu. Sijui kwa nini alitaka sana nifike kabla yako. Hebu muulize.”

Donnie akageuka. “Kweli, Senga?”

Ngumi ya Senga ilikuwa imeshafumbwa. Ikashuka taratibu mpaka kwenye mfuko wa aproni, ikatoka tupu.

“Mteja ni mteja,” alisema.

Akachukua kile kidude cha chuma cha kutanulia buti, akakisokomeza ndani, akaanza kuzungusha mpini. “Njoo uzichukue Alhamisi.”

“Jumatano niko kwenu,” alisema Ishbel. “Nitazichukulia mezani.”

Nje, Netta alikuwa amesimama ukutani tangu kabla ya kucha, nyonga moja juu, anapuliza viganja. Alimdaka Ishbel mkono.

“Umemwambia? Kalia? Sasa naweza kusema?”

“Sema sikufika.”

“Lakini ulifika.”

“Mimi sikufika, na wewe hukuona. Mpaka Mei.”

Netta alimtazama kama mtu aliyeambiwa aache kupumua. Nyuma ya kioo cha duka, Senga alizungusha mpini mara moja zaidi ya inavyohitajika, na ngozi ya buti ikalia.

“Mpaka Mei,” alisema Netta. “Shoga, bora ningevunjika mguu.”